"Nataka Kuoga, Sitaki Kuogeshwa"
Jinsi ya kujenga bafu linalopitika kwa kiti cha magurudumu

Na Bwana Shamba, Wilaya ya Muheza

Kuoga ni jambo la kila siku. Mtu akitoka shambani huchukua ndoo yake ya maji. Huingia bafuni, hufunga mlango, huoga. Akitoka amekuwa mtu mpya. Haombi ruhusa kwa mtu yeyote, wala hasubiri mtu.

Lakini katika vijiji vyetu wapo watu ambao kuoga kwao ni kazi ya nyumba nzima. Hao ni watu wasioweza kutembea. Wengine walianguka kutoka kwenye minazi au miembe wakaumia uti wa mgongo. Wengine waligongwa na pikipiki. Wengine walipatwa na kiharusi. Wengine walikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Wapo pia waliozaliwa hivyo.

Wengi wao siku hizi wana viti vya magurudumu. Wengine hukiita kiti hicho kiti mwendo. Ni chombo kizuri. Humtoa mtu kitandani na kumpeleka barazani. Lakini kiti kikifika kwenye bafu husimama. Hapo pana kizingiti. Mlango ni mwembamba. Ndani pana mawe yanayoteleza. Kiti kimeletwa, lakini njia haikuletwa.

Ndugu msomaji, makala hii inaeleza jinsi ya kuijenga njia hiyo. Bafu la namna hii si kitu cha mjini tu. Linaweza kujengwa kijijini, kwa vifaa tunavyovijua, na kwa mikono yetu wenyewe.

TATIZO SI MTU, TATIZO NI BAFU

Watu wengi hudhani kuwa mtu asiyetembea hawezi kuoga mwenyewe. Mara nyingi hii si kweli. Tazama mikono yake. Mtu anayesukuma kiti chake kutwa nzima ana mikono yenye nguvu. Anaweza kujimwagia maji. Anaweza kujisugua. Kinachomshinda ni kuvuka kizingiti na kupata mahali pa kukaa.

Kwa hiyo tusiseme, "Huyu hawezi kuoga." Tuseme, "Bafu hili halimpokei." Tukisema hivyo tutaona kazi ya kufanya.

Wapo pia wasioweza kuoga bila msaada hata bafu likiwa zuri. Kwa hao, bafu zuri humsaidia yule anayewaogesha. Hataumia mgongo kwa kumbeba mtu mzima, na hataanguka naye kwenye utelezi.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 2017 ilianza kampeni ya Nyumba ni Choo. Kampeni hizi zimetufundisha kuwa nyumba bila choo haijakamilika. Sasa tuongeze jambo moja. Nyumba yenye mtu asiyeweza kufika bafuni, nayo haijakamilika.

Sheria pia inasema juu ya jambo hili. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Sheria hiyo inataka utu wa mtu mwenye ulemavu uheshimiwe. Inataka pia aweze kufika mahali wanapofika wenzake. Sheria haiwezi kuja kumwaga zege uani kwako. Kazi hiyo ni yetu.

NYUMBA MOJA HAPA MUHEZA

Katika kijiji kimoja cha wilaya hii yupo baba mmoja aliyekuwa mkwezi wa minazi. Alikuwa akikwea tangu ujana wake. Mwaka 2019 alianguka. Aliumia uti wa mgongo. Tangu siku ile miguu yake haina nguvu wala haisikii kitu.

Alipata kiti cha magurudumu. Lakini bafu lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa makuti. Mbele yake palikuwa na kizingiti cha mawe kuzuia maji ya mvua. Mlango wake ulikuwa na upana wa sentimeta 55. Kiti kilikuwa na upana wa sentimeta 66.

Ikawa anaogeshwa uani usiku, baada ya majirani kulala. Mkewe na mwanawe wa kiume walimbeba na kumweka juu ya jiwe. Kijana akiwa safarini, mama alisubiri mpaka apate mtu. Binti yao hakuweza kusaidia. Kwa mila zetu, si jambo jema binti kumwogesha baba yake, na baba mwenyewe hakukubali.

Matokeo yake yalikuwa mengi. Mama hakuweza kwenda kulala shamba la mbali wakati wa kupanda masika. Heka mbili zilibaki pori. Baba aliacha kwenda kuswali Ijumaa, kwa sababu hakujua kama ataogeshwa kwa wakati. Aliacha pia mikutano ya kijiji. Mtu akimwita alisema ana homa.

Nilikwenda kwake kuuliza habari za shamba lile lililobaki pori. Tulizungumza juu ya mahindi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Bwana Shamba, maiti huoshwa. Mimi ni mzima. Nataka kuoga, sitaki kuogeshwa."

Mkewe alikuwa akipukuchua mahindi kando yetu. Akasema, "Na mimi nataka apate. Nisifiche. Nimechoka."

Hapo tukaanza kupima.

PIMA KABLA YA KUCHIMBA

Kosa kubwa ni kujenga kwanza na kupima baadaye. Viti havilingani, na watu hawalingani. Muulize mwenyewe kwanza. Yeye ndiye fundi mkuu wa bafu hili. Muulize mambo haya:

1. Anapenda kuhama kutoka kwenye kiti kwa upande gani, wa kulia au wa kushoto? 
2. Mkono upi una nguvu zaidi? Mtu mwenye kiharusi huwa na upande mmoja dhaifu. 
3. Anaweza kukaa bila kuegemea, au anahitaji mahali pa kuegemea? 
4. Ataoga peke yake, au atakuwa na msaidizi?

Kisha chukua futi kamba. Pima upana wa kiti kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi ukingo wa lingine. Pima urefu wake pamoja na mahali pa kuweka miguu. Pima pia kimo cha mahali anapokalia, kutoka chini. Mtu akiwa amekaa juu ya mto wake, pima hadi juu ya mto. Andika vipimo hivyo kwenye daftari.

Ukikosa futi kamba, chukua kamba ya katani na ufunge fundo kwa kila kipimo. Lakini usikisie kwa macho.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Bafu la baba yule lina upana wa mita 2 na urefu wa mita 2 kwa ndani. Nje ya mlango pana sehemu bapa na njia ya mteremko. Kwa bafu la ukubwa huo, tayarisha vifaa hivi:

- Saruji mifuko 5 ya kilo 50. 
- Mchanga safi ndoo 20 za lita 20. 
- Kokoto ndoo 28. 
- Mawe na kifusi cha kujazia chini. 
- Nguzo imara za kuta, na makuti, matete au mabati ya kuzungushia. 
- Mbao ngumu za benchi. 
- Bomba la chuma la inchi 1, urefu wa mita 3, kwa vishikio. 
- Bomba la plastiki la kutolea maji machafu.

Mawe, mchanga, nguzo na makuti mara nyingi hupatikana kijijini bila fedha. Kinachotaka fedha hasa ni saruji na mabomba. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza dukani kabla ya kupanga. Familia ile iliuza mbuzi mmoja na machungwa ya msimu. Majirani walileta mawe na mchanga kwa msaragambo wa siku moja.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Chagua mahali. 
Chagua mahali karibu na nyumba, penye njia ngumu isiyo na tope wakati wa mvua. Kiti hakipiti kwenye tope wala kwenye mchanga mwingi. Bafu likiwa mbali, utajenga njia ndefu bure. Kama kuna kisima, maji machafu yawe mbali nacho, angalau mita 30.

Hatua ya 2: Sakafu. 
Ondoa udongo laini. Jaza mawe na kifusi, ushindilie vizuri. Changanya zege kwa kipimo hiki: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Mwaga zege unene wa sentimeta 7 na nusu. Juu yake weka lipu ya saruji 1 na mchanga 3. Sakafu iinuke sentimeta 10 juu ya ardhi ya nje, ili maji ya mvua yasiingie.

Sakafu iinamie upande wa kutolea maji. Sentimeta 2 kwa kila mita zinatosha. Ikizidi hapo, kiti kitateleza chenyewe.

Usipige niru. Niru inang'aa na inapendeza macho, lakini ikiwa na maji na sabuni huteleza. Lipu ikiwa mbichi, ipitishie ufagio ili ibaki na mikwaruzo. Kisha ifunike kwa magunia na uimwagilie maji kwa siku 7. Zege lisilomwagiliwa hupasuka.

Hatua ya 3: Njia ya mteremko. 
Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hutengeneza mteremko mfupi na mkali. Mtu hushindwa kupanda, au hurudi kinyumenyume na kuanguka.

Kanuni ni hii: kila sentimeta 1 ya kupanda, weka sentimeta 12 za urefu. Tazama mfano:

- Kimo cha sentimeta 5, urefu sentimeta 60. 
- Kimo cha sentimeta 10, urefu sentimeta 120. 
- Kimo cha sentimeta 20, urefu sentimeta 240. 
- Kimo cha sentimeta 30, urefu sentimeta 360.

Mkulima wa milimani ataielewa kanuni hii haraka. Njia inayopanda mlima moja kwa moja huchosha. Njia inayopanda polepole hukufikisha hata ukiwa na mzigo.

Upana wa njia uwe sentimeta 120. Weka ukingo mdogo pande zote mbili, ili gurudumu lisitoke nje. Mbele ya mlango weka sehemu bapa ya sentimeta 150 kwa 150. Hapo mtu husimamisha kiti, hufungua mlango, na hapotezi nguvu kushikilia kiti kisirudi nyuma.

Kwa baba yule, vijana walitaka kuweka sentimeta 60 tu ili kuokoa saruji. Kwanza waliweka ubao kwa urefu huo, wakamwambia ajaribu. Gurudumu la mbele liliinuka. Kijana mmoja alimdaka. Wakapima upya wakaweka sentimeta 120. Akapanda peke yake. Kwa hiyo jaribuni kwa ubao kabla ya kumwaga zege.

Hatua ya 4: Mlango. 
Nafasi ya kupita iwe sentimeta 90. Isipungue 80. Usiweke kizingiti kabisa. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifungukia ndani utakula nafasi. Tena mtu akianguka ndani atauzuia, na watu watashindwa kuingia kumsaidia. Weka komeo mahali anapofika akiwa amekaa, kama sentimeta 90 kutoka chini. Liwe komeo linaloweza kufunguliwa kwa nje wakati wa hatari.

Ukishindwa kununua mlango, tundika turubai zito. Mtu mzima anahitaji sitara, awe anatembea au hatembei.

Hatua ya 5: Benchi. 
Usimwache mtu aoge juu ya kiti chake. Maji huozesha mto na hutia kutu kwenye magurudumu. Tengeneza benchi la kuogea kando ya ukuta.

Kimo cha benchi kilingane na kimo cha mahali anapokalia. Hapa ndipo kile kipimo cha daftarini kinatumika. Benchi likiwa juu, atashindwa kupanda. Likiwa chini, atashindwa kurudi. Upana uwe sentimeta 50, urefu mita 1 au zaidi. Ukitoa upana wa benchi kwenye mita 2, inabaki nafasi ya sentimeta 150. Nafasi hiyo inatosha kugeuza kiti.

Tumia mbao isiyooza upesi. Hapa Muheza tuna bahati, kwa sababu misaji inalimwa Longuza. Mvule na mninga pia hufaa. Acha nafasi ndogo kati ya mbao ili maji yapite. Piga randa vizuri. Viringisha kingo zote. Tumia skrubu, na vichwa vyake vizame ndani ya mbao. Msumari uliochomoza huweza kumkata mtu asiyesikia maumivu, asijue hadi aone damu. Miguu ya benchi ifungwe kwenye sakafu ili benchi lisisogee.

Hatua ya 6: Vishikio. 
Funga bomba la chuma kwenye ukuta kando ya benchi, kimo cha sentimeta 75 hivi kutoka sakafuni. Acha nafasi ya sentimeta 4 au 5 kati ya bomba na ukuta, ili vidole vipite. Kama ukuta ni wa makuti au udongo, usifunge bomba hapo. Chimbia nguzo mbili futi 2 chini, uzimwagie zege, kisha funga bomba kwenye nguzo. Mtu mzima mwenye afya alivute kwa uzito wake wote. Likitikisika, kazi haijakwisha.

Hatua ya 7: Maji. 
Njia rahisi ni kigoda kando ya benchi, na ndoo juu yake, na kopo. Tumia ndoo mbili za lita 10 badala ya moja ya lita 20. Ni rahisi kuzivuta.

Njia bora zaidi ni bomba la mvua la kienyeji. Weka dumu lenye koki juu ya jukwaa imara, kimo cha mita 1 na nusu au zaidi kutoka sakafuni. Funga mpira mrefu wenye kichwa cha matundu. Koki iwe mahali mkono unapofika mtu akiwa amekaa. Dumu lijazwe kwa nje. Kumbuka kuwa lita 20 za maji ni kilo 20, kwa hiyo jukwaa liwe na nguvu.

Sabuni na taulo navyo viwe karibu. Mtu akiinama sana kutafuta sabuni ndipo anapoanguka.

Hatua ya 8: Maji machafu. 
Chimba shimo la mita 1 kila upande, ulijaze mawe, uelekeze bomba humo. Au peleka maji kwa mfereji kwenye migomba. Mimi kama bwana shamba napenda njia hii ya pili. Migomba hunywa maji ya kuogea, hata wakati wa kiangazi. Lakini maji yasituame, kwa maana yakituama yataleta mbu.

KUHAMA KUTOKA KWENYE KITI

Bafu likikamilika, usimwache mtu ajaribu peke yake siku ya kwanza. Afanye mazoezi akiwa mkavu na amevaa nguo. Msaidizi asimame karibu. Utaratibu ni huu:

1. Sogeza kiti hadi kiguse benchi, kwa upande wenye nguvu. 
2. Funga breki zote mbili. 
3. Ondoa au inua mahali pa kuweka mkono kwa upande wa benchi, kama panaondoka. 
4. Weka mkono mmoja kwenye benchi au kwenye kishikio, na mwingine kwenye kiti. 
5. Jiinue, usijiburute. Kujiburuta huchuna ngozi. 
6. Ukishakaa, panga miguu vizuri kwa mikono yako.

Kama breki za kiti hazishiki, zitengenezwe kabla ya kitu kingine chochote. Fundi wa baiskeli kijijini anaweza kuzikaza.

LINDA NGOZI

Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii joto wala maumivu chini ya mahali alipoumia. Maji ya moto yanaweza kumbabua bila yeye kujua. Kwa hiyo tia maji baridi kwanza, kisha ongeza ya moto. Yapime kwa kiwiko au kwa mkono unaosikia.

Asikae muda mrefu juu ya mbao ngumu. Weka sponji nene iliyofungwa kwa plastiki, au taulo iliyokunjwa. Baada ya kuoga ajikaushe vizuri, hasa makalioni na katikati ya mapaja. Kisha atazame ngozi yake kwa kioo kidogo. Akiona wekundu au weusi usioondoka, asikalie mahali hapo, na aende zahanati mapema. Vidonda vya mgandamizo huanza kidogo, lakini vinaweza kufika hadi mfupa na kuua. Bafu zuri ni kinga mojawapo ya vidonda hivyo.

KAMA HUNA SARUJI

Usikae ukisubiri mifuko mitano. Anza na ulicho nacho. Leo ondoa kizingiti. Kesho panua mlango. Keshokutwa tengeneza benchi. Sakafu inaweza kuwa ya mawe bapa yaliyopangwa vizuri na kushindiliwa, na njia ya mteremko inaweza kuwa ya mbao zilizofungwa imara. Kila hatua moja inapunguza kumbeba mtu mara moja.

KILICHOBADILIKA

Kwa baba yule, kazi ilichukua wiki tatu. Sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri zege likomae. Siku ya kwanza kuoga alikaa ndani muda mrefu sana. Mkewe akaingiwa na wasiwasi, akabisha mlango. Baba akajibu kutoka ndani, "Niache, mama. Bado sijamaliza."

Masika yaliyofuata mama alilala shamba la mbali siku nne. Heka moja na nusu ilipandwa mahindi na kunde. Baba amerudi kwenye safu yake ya Ijumaa. Katika mkutano wa kijiji aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: kwa nini ofisi ya kijiji ina ngazi tatu na haina njia ya mteremko?

Miguu yake haikupona. Kilichopona ni siku zake.

KIJIJI KIFANYE NINI

Jambo hili lisiachiwe familia moja. Serikali ya kijiji ijue nyumba zenye watu wasioweza kutembea. Sheria ya mwaka 2010 inaagiza kuwapo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Uliza kama kamati yenu inakutana. Mafundi wa kijiji wafundishwe kanuni ya 1 kwa 12. Shule, zahanati na misikiti na makanisa nayo yatazamwe.

Tena, halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika asilimia 10 inayotengwa, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kuleta kipato, si ya kujengea bafu. Lakini mtu aliyeoga akatoka nyumbani anaweza kujiunga na wenzake, wakafuga kuku au wakashona nguo. Muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kitongoji chenu wapo watu wanaotumia viti vya magurudumu? Wanaoga wapi? 
2. Kuna tofauti gani kati ya kuoga na kuogeshwa? 
3. Bafu lina sakafu iliyoinuka sentimeta 15. Njia ya mteremko iwe na urefu gani? 
4. Kwa nini mlango wa bafu ufunguke kwa nje? 
5. Kwa nini hatupigi niru kwenye sakafu ya bafu hili? 
6. Chukueni futi kamba, mpime mlango wa bafu moja kitongojini. Kiti chenye upana wa sentimeta 66 kitapita? Kama hakipiti, nani ataanza kazi, na lini?